Matumbawe na Kombe: Mashahidi wa Bahari ya Zamani

Mto Ramisi unapofurika wakati wa masika, udongo wa bara huteremka hadi ghuba ya Funzi, na wavuvi wa Bodo hungoja maji yatakate. Je, zamani ilikuwa hivi, au udongo umeongezeka? Mvuvi atasema umeongezeka. Mkulima wa juu ya mto atasema mito imeleta udongo tangu enzi za mababu. Kumbukumbu ya mtu haivuki sana miaka 70 au 80, kwa hiyo ubishi kama huu hauna wa kuuamua, isipokuwa apatikane shahidi mzee zaidi. Shahidi huyo yuko baharini: ni tumbawe.

Matumbawe makubwa ya mviringo ambayo wataalamu huyaita Porites hujenga mifupa ya chokaa polepole, takriban sentimita moja kwa mwaka. Tumbawe lenye kimo cha mita mbili au tatu limeishi karne kadhaa. Mtafiti hulitoboa kwa keekee ndefu na kutoa kipande chembamba kama mpini wa jembe, kisha tundu huzibwa ili tumbawe liendelee kukua. Kipande hicho hupasuliwa na kupigwa picha ya eksirei. Hapo huonekana mistari hafifu na mistari mizito ikifuatana, na kila jozi ni mwaka mmoja. Kuhesabu huanza juu, mwaka ambao tumbawe lilitobolewa, na kurudi nyuma.

Kabla ya kuamini hesabu hiyo, hadubini hutumika. Mfupa halisi wa tumbawe, ukikuzwa mara mamia au maelfu, huonekana kama mafungu ya sindano nyembamba sana. Maji ya mvua au ya chini ya ardhi yakiwa yameupitia kwa muda mrefu, sindano hizo huyeyuka na nafasi yake kuchukuliwa na fuwele nene. Mfupa wa namna hiyo ni kama cheti kilichofutwa na kuandikwa upya, na mtafiti makini huuweka kando.

Uliosalimika hupimwa kemikali zake. Oksijeni iliyomo kwenye chokaa ina aina nzito na aina nyepesi, na maji yakiwa ya joto ile nzito hupungua mfupani. Bariamu, kwa upande wake, husafiri ikiwa imeshikamana na udongo wa mtoni. Ikifika kwenye maji ya chumvi huachia, na tumbawe huijenga ndani ya mfupa wake. Mwaka wa udongo mwingi ni mwaka wa bariamu nyingi.

Kazi hiyo imekwisha kufanywa katika Pwani hii, kwenye matumbawe ya Malindi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulisoma miaka 194 ya joto la bahari, ukaonyesha kwamba maji ya huku hufuata nyendo za El Niño ya Pasifiki na kwamba yamepata joto zaidi katika miongo ya karibuni. Mwingine, wa mwaka 2007, ulitazama udongo wa mto Sabaki kwa miaka 300. Kati ya 1700 na 1900 bariamu haikubadilika sana. Baada ya 1900, ardhi ya bara ilipozidi kufyekwa na kulimwa, ilianza kupanda. Kwa Sabaki, basi, ubishi umepata jibu: mto ulileta udongo tangu zamani, lakini si kwa wingi huu. Mvuvi na mkulima wote wana sehemu ya ukweli.

Ramisi si Sabaki, na jibu lake halipatikani Malindi. Litatoka kwenye matumbawe makongwe ya kusini, ambayo yakivunjwa kwa nanga au kuchomwa kuwa chokaa hupotea pamoja na karne zake zote.

Kombe nazo huweka kumbukumbu, ingawa za muda mfupi zaidi. Kombe nyingi zenye pande mbili huongeza mstari mwembamba kadiri maji yanavyojaa na kupwa, na nafasi kati ya mistari hubadilika kati ya bamvua na maji mafu. Hata kijiwe cheupe kilichomo kichwani mwa changu kina pete za umri wake.

Wanafunzi wanaweza kujaribu wenyewe. Kombe tupu iliyookotwa ufuoni (si ndani ya hifadhi ya Kisite-Mpunguti, ambako kuokota hakuruhusiwi) hukatwa kwa msumeno mwembamba kutoka ungioni hadi ukingoni, ikiwa imeloweshwa ili vumbi lisiingie puani. Upande uliokatwa husuguliwa kwa msasa wa kukwaruza, kisha msasa laini, yote ikiwa na maji, hadi ung'ae. Mistari mikubwa huonekana kwa kioo cha kukuzia. Ile ya maji kujaa na kupwa huhitaji hadubini ya shule na mwanga unaotoka ubavuni.