SOMO LA UFUNDI: Kisanduku kinacholisha otomate kurani



Katika vituo vingine vya kusafishia kahawa, mashini za kumenya na pompi za maji zinaongozwa na otomate. Otomate ni kompyuta ndogo iliyo ndani ya kofre. Inapokea habari kutoka kapta, kisha inaamuru mota ianze ao isimame. Lakini otomate nyingi hazikule kurani ya 220 V moja kwa moja. Mara nyingi iko kisanduku kingine pembeni yake kinachogeuza 220 V kuwa 24 V ya kurani isiyogeuka-geuka, kama ile ya batri. Kisanduku hicho kikikufa, kituo chote kinasimama, hata kama mota zote ni nzima.

Tunajua hasara yake. Kahawa nyekundu inapaswa kumenywa siku ile ile. Ikilala katika mifuko inachacha, harufu inaharibika, na bei inaanguka.

Kwa nini kinaharibika

- Kurani inayopanda na kushuka, zaidi sana wakati wa kuwasha ao kuzima grupu.
- Radi. Mashariki mwa Congo ni kati ya sehemu za dunia zenye radi nyingi.
- Joto. Ndani ya kisanduku muko kapasita. Mafundi wanahesabu kwamba joto likipanda kwa digrii 10, maisha ya kapasita yanapunguka karibu nusu.
- Vumbi na buibui vinavyoziba matundu ya hewa.
- Muzigo kupita kipimo: tunaongeza taa na kapta bila kuhesabu.

Tuhesabu pamoja

Tuseme kofre yetu iko na vitu hivi kwenye 24 V:

- Otomate: 0.5 A
- Elektrovani 2 za maji, kila moja 0.5 A: 1 A
- Kapta 6, kila moja 0.05 A: 0.3 A
- Rele 8, kila moja 0.05 A: 0.4 A
- Taa 4 za alama, kila moja 0.05 A: 0.2 A

Jumla ni 2.4 A. Kisanduku cha 2.5 A kingeweza kubeba, lakini kingefanya kazi kimejaa siku zote, na joto lingekimaliza mbio. Tuongeze robo: tunapata 3 A. Basi tununue cha 5 A. Hesabu za kila kitu zimeandikwa ubavuni mwake. Muzisome hapo, musitumie hizi zetu.

Mashini ikisimama, tuanzie wapi?

Kazi hii ni ya fundi mwenye kujua umeme, na multimetri mukononi. 220 V inaua.

1. Apime 24 V inayotoka. Ikiwa iko sawa, kisanduku ni kizima. Atafute shida pengine.
2. Ikiwa hakuna kitu, apime 220 V inayoingia. Ikikosekana, aangalie dijonkta, fuzibule na grupu.
3. Ikiwa 220 V inaingia na 24 V haitoke, azime yote, atoe waya wa + unaokwenda kwa otomate na vifaa, kisha awashe tena. 24 V ikirudi, kosa liko katika waya ao kapta: pengine panya wamekula waya na zimegusana. Visanduku vingi vinajizima vyenyewe kwa kujilinda. Isiporudi, kisanduku kimekufa.
4. Ikiwa inatoka kidogo, kama 18 V, na inapanda vizuri muzigo ukitolewa, basi muzigo umezidi ao kisanduku kimezeeka.

Musifungue kisanduku chenyewe. Kapasita zinaweza kubakia na kurani hata kiisha kuzima.

Kama munanunua kingine

Muandike mbele ya kwenda sokoni: kurani inayoingia, 24 V inayotoka, na ampere. Vingine viko na kitufe cha kuchagua 115 ao 230. Kikiachwa kwenye 115 na kuingiziwa 220 V, kinaungua palepale. Chaja ya batri ya gari haichukue nafasi yake.

Kazi ya kila mwezi

Kuzima kurani yote, kupangusa vumbi kwa burashi kavu, kukaza vis za waya, kuacha nafasi ya hewa juu na chini ya kisanduku, kuangalia waya wa ardhi na kifaa cha kukinga radi. Grupu iwashwe kwanza, itulie, ndipo kofre ipewe kurani.

Maswali ya kuzungumuza kwenye mukutano

- Kisanduku chetu ni cha ampere ngapi, na muzigo wetu ni ngapi?
- Nani anashika ufunguo wa kofre?
- Kingine cha akiba kiko ndani ya depo? Kama hakiko, tutakipatia feza gani mbele musimu haujaanza?