Binamu Yangu Ana Cheti, Hana Meli

Leo nataka tujifunze pamoja jambo nililolikuta likizoni huko Likoni.

Binamu yangu alisomea ubaharia. Baba yake aliuza shamba la minazi kumlipia karo. Alifuzu, vyeti vikatiwa fremu ukutani. Mwaka wa pili huu yuko nyumbani. Nikamwuliza, "Kaka, si husemwa meli zina uhaba wa watu?" Akanijibu, "Cheti ninacho, dadangu. Bahari ndiyo sina."

Maneno hayo yalinichoma, nikatafuta maana yake.

Kwanza, uhaba ni wa kweli. Mwaka wa 2021 vyama vya wenye meli duniani, BIMCO na ICS, vilikadiria mabaharia kuwa milioni 1.89. Hata hivyo, walipungua maafisa 26,240. Angalia vizuri: pengo hilo ni la maafisa, yaani wale wanaoongoza chombo na kusimamia mitambo.

Pili, afisa hapatikani darasani peke yake. Kuna mkataba wa kimataifa wa mwaka wa 1978, kwa kifupi STCW, unaoeleza baharia afunzwe nini. Kujiokoa majini, kuzima moto na huduma ya kwanza, hayo mtu hufunzwa chuoni. Lakini anayetaka kuwa afisa wa zamu wa kuongoza meli kubwa lazima awe ametimiza miaka 18, na awe amehudumu baharini miezi 12 akiwa kadeti, huku akijaza kitabu cha mafunzo. Asiyepitia mpango huo hudaiwa miezi 36!

Hapo ndipo vijana wetu wanapomla ng'ombe mzima wakashindwa na mkia. Kenya haina meli nyingi zake za kwenda ng'ambo. Bila meli, kijana hapati miezi. Bila miezi, hapati cheti cha afisa. Na meli nazo zalia hakuna maafisa!

Basi mwenzangu unayeota unahodha, tia bidii katika Hesabu, Fizikia na Kiingereza. Na kabla mzazi hajauza kitu, ulizeni chuoni swali moja tu: "Nikimaliza darasa, nitapanda meli gani?" Wakibabaika, jua bado.

Binamu yangu hakuuliza. Siku hizi jioni huenda pale feri, akazitazama meli zikiingia Kilindini.

Mwanachama, Kidato cha Tatu