KUWATUMIKIA WATOTO WA UFUONI

Somo la kikundi. Someni Marko 10:13-16.

Wapendwa, wageni kutoka ng'ambo wakija Kisumu kutumika na watoto, sisi wenyeji hupenda kuwapeleka vijiji vya ufuoni. Nasi tulifanya hivyo. Tuliimba, tukacheza mpira, halafu wote tukaingia ziwani kuoga. Siku ya mwisho wageni wakagawa dawa ya minyoo, tukamshukuru Mungu. Mama mmoja akatuuliza, "Na hii damu kwenye choo cha mtoto wangu, itaisha?" Tukanyamaza.

Haikuisha. Dawa ile ilikuwa ya minyoo ya kawaida, kumbe mtoto ana kichocho. Mayai ya kichocho hutoka na choo. Yakifika majini huanguliwa, vijidudu huingia ndani ya konokono, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu aliye majini. Dawa yake ni prazikwanteli, nayo hutolewa na mhudumu wa afya. Lakini ukitibiwa leo, kesho ukarudi maji yale yale, utaambukizwa tena.

Basi tumejifunza nini? Kwanza, tuwasikilize akina mama kabla ya kupanga ratiba. Pili, michezo iwe nchi kavu. Tatu, wageni wachimbe choo pamoja na wazazi, mbali na maji. Wageni watarudi kwao, choo kitabaki.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kijijini kwenu ni boma ngapi hazina choo?
2. Wageni wakija, nani hupanga kazi: wao, sisi, au wazazi?