Nyonga inauma, fimbo naionea haya

*Mshauri, nina miaka 61, nauza vitumbua hapa Tanga. Mwaka wa pili huu nyonga ya kulia inauma, hasa kinenani, na asubuhi nachechemea mpaka mwili upate moto. Eksirei ilionyesha gegedu limelika. Mwanangu aliyeko Dar ameshikilia nipasuliwe, binti anataka nilale nipumzike. Kisu nakiogopa. Nanunua diklofenaki nameza kila siku, na presha ninayo. Hospitali walinishauri nitembee na fimbo, ila wenzangu wa kikoba watanicheka. Nifanyeje?*
*Mama Vitumbua*

Shikamoo mama. Nianze na vidonge, maana vinanitisha kuliko nyonga yenyewe. Diklofenaki ya kila siku huweza kupandisha presha, kuumiza figo na kuleta vidonda vya tumbo. Acha kujinunulia. Wiki hii hii mpelekee daktari pakiti zote, za maumivu na za presha, aone unachochanganya na akupangie kingine.

Sasa fimbo. Kila ukipiga hatua, nyonga hubeba mzigo unaozidi uzito wako mara mbili na zaidi, kwa kuwa misuli ya tako huvuta kwa nguvu usiangukie upande. Fimbo huipunguzia misuli hiyo kazi, lakini uishike mkono wa kushoto, upande usiouma, na iende mbele pamoja na mguu wa kulia. Wengi huishika upande unaouma, kisha wanalalamika kwamba haisaidii. Ukisimama wima umevaa viatu, mkono ukining'inia, kishikio kiwe usawa wa kifundo cha mkono. Chini iwe na mpira isiteleze. Na hao wa kikoba, mama, kuchechemea kwako wameshakuona zamani.

Binti ana huruma, ila kulala kutwa hulegeza misuli ile ile inayoishikilia nyonga. Lala chali, kunja magoti, inua makalio, hesabu mpaka 5, shusha. Rudia mara 10. Kisha simama ukishika meza, peleka mguu pembeni taratibu. Maumivu kidogo yasikutishe; yakiendelea mpaka kesho yake, punguza. Mtaalamu wa fiziotherapia akuangalie angalau mara moja, halafu vumilia: nafuu huchukua wiki 6 hadi 12.

Jikoni ndiko nyonga inakoteseka zaidi. Kigoda cha chini na mbuzi ya kukunia nazi vinaikunja kupita kiasi. Inua jiko juu ya matofali imara, kalia kiti kirefu, nazi akune mjukuu. Choo kikiwa cha kuchuchumaa, fundi akutengenezee kiti chenye tundu. Ukiwa na kilo za ziada, kuzipunguza ni dawa pia, kwa hiyo vitumbua vilivyobaki jioni usivimalize wewe.

Mwanao naye hajakosea kabisa. Gegedu lililolika halioti tena, na siku maumivu yakikunyima usingizi licha ya haya yote, kubadilishiwa nyonga ni tiba nzuri. Taasisi ya mifupa, MOI, pale Muhimbili wanaifanya. Mwambie tu kwamba kwanza unajaribu njia hii, na uamuzi ni wako.

Ila ukianguka ukashindwa kukanyaga, au nyonga ikiuma ghafla pamoja na homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukianza kukonda bila sababu pia, usikae nalo, wahi kwa daktari.