Kutoka Pongwe hadi dirisha la viza

Mtu wa Pongwe anayetaka kuonja ng'ambo ana bahati moja: mpaka haupo mbali. Anapanda daladala hadi Tanga mjini, anachukua gari la Horohoro, na siku hiyohiyo yuko Lunga Lunga, Kenya, pasipoti imegongwa mhuri bila kulipia viza. Asiye na pasipoti huvuka kwa hati ya dharura ya safari.

Ulaya ni habari nyingine. Mwandishi wa makala haya aliijua baada ya kunyimwa viza ya Schengen.

Kosa halikuwa umaskini. Siku tatu kabla ya kwenda Dar es Salaam kutoa alama za vidole, ndugu walimchangia pesa, naye akaziweka zote benki kwa mkupuo ili akaunti inone. Kwenye taarifa ya benki mstari ule ulisimama kama mnazi katikati ya shamba la mkonge: juu yake miezi mitano ya elfu hamsini, elfu thelathini, kisha ghafla milioni nne. Mkaguzi gani asingeuona? Fomu ya kukataliwa ilirudi na tiki kwenye kisanduku cha wasiwasi kwamba mwombaji hatarudi kwao.

Pesa inayoaminika ni ile inayojieleza. Muuza machungwa wa Muheza, ambaye kipato chake huja kwa msimu, aandike hivyo kwenye barua, aambatishe leseni ya biashara na risiti. Mwajiriwa apeleke barua ya likizo yenye tarehe ya kurudi kazini. Barua hiyo ina uzito kuliko picha za hoteli.

Lakini kabla ya benki, kagua majina. Ukiwa Rajabu kwenye cheti cha kuzaliwa na Rajab kwenye kitambulisho cha NIDA, malizana na jambo hilo kwanza, maana pasipoti itafuata karatasi hizo. Ada yake ni shilingi 150,000. Schengen wanataka iwe na kurasa mbili tupu na muda wa angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka katika nchi zao. Nchi nyingi nyingine hudai miezi sita.

Ada ya viza hiyo kwa mtu mzima ilipanda Juni 2024 kutoka euro 80 hadi 90, na ukinyimwa hairudi. Bima ya safari lazima ifidie matibabu ya angalau euro 30,000. Vishoka watakuhimiza ulipie tikiti kabisa, usithubutu. Buking inatosha hadi viza itoke.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari. Mara ya pili mwandishi aliomba miezi miwili mapema, akiwa na barua ya likizo na salio dogo kuliko lile la kwanza. Viza ilitoka.