Ndege ndogo na ukungu: usimharakishe rubani

Anayeishi Mutanga Nord, hapa Bujumbura, ana bahati ya mwinuko. Asubuhi ya safari, kabla hujaita teksi, tazama ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Milima ya Uvira ikionekana vizuri, macho yako yanafika zaidi ya kilomita 20. Ikiwa imefichika, utafute uwanja wa ndege wa Melchior Ndadaye, usiofika kilomita 10 kutoka hapo. Nao usipoonekana, anza kuuliza maswali, maana kwa safari za chini rubani anayeongozwa na macho hutakiwa kuona walau kilomita 5. Na kiangazi kisikudanganye: vumbi na moshi wa mashamba hufuta milima jua likiwaka.

Hapo umepima hewa ya nyumbani tu; hatari yaweza kukungoja njiani. Tarehe 5 Juni 2018, ndege ndogo aina ya Cessna Caravan, ya kampuni ya FlySax, ilitoka Kitale kwenda Nairobi, ikaishia kwenye milima ya Aberdare. Wote 10 waliokuwemo walikufa. Na sisi huku tumezungukwa na milima: uwanja wetu hauzidi mita 800 juu ya bahari, ilhali safu ya mashariki inapita 2,000. Kwa hiyo ulizia hali ya njiani na ya unakokwenda.

Unapokata tiketi, uliza kama ndege na rubani wake wana kibali cha kuruka kwa kuongozwa na vyombo bila kuona nje, kama marubani ni wawili, na watatua wapi kama uwanja mnaoendea umefunikwa. Wakikucheka, tafuta wengine. Swali la vyombo si la kujionyesha. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kiliwajaribu marubani 20 wasiozoea vyombo, wakanyimwa kuona nje. Wote walipoteza udhibiti, baada ya wastani wa sekunde 178. Ndani ya wingu sikio hukuambia mmenyooka wakati ndege inazidi kulala upande.

Lakini kinachomsukuma rubani kuingia wingu hilo mara nyingi ni abiria, hasa aliyekodi ndege nzima: mkutano saa nne, mahari jioni, simu juu ya simu. Weka siku moja ya akiba kila upande wa safari. Masika, chagua ndege ya asubuhi, ukungu ukishainuka na radi za alasiri hazijaanza. Rubani akisema tungoje, usimuulize mpaka saa ngapi.

Ukipanda, funga mkanda uukaze, hesabu viti hadi mlangoni. Bukoba, Novemba 2022, ndege kubwa zaidi iliingia Ziwa Victoria katika hali mbaya ya hewa, wakafa 19 kati ya 43; nasi tunatua kando ya ziwa. Jaketi la kuokolea lijaze upepo ukishatoka nje, kwani likijaa ndani maji yatakubana darini.

Rubani akigeuza njiani na kukurudisha, lipa usiku mwingine wa hoteli na umshukuru kwa sauti, abiria wenye kununa wasikie.