Joji, Maana Yake Mkulima

Kwenu mna akina Joji wangapi? Na akina Georgina? Hilo jina ni la Kigiriki. *Ge* ni ardhi, *ergon* ni kazi. *Georgos* basi ni mtu wa kufanya kazi ya ardhi, yaani mkulima. Katika Injili ya Yohane sura ya 15, Yesu anapojilinganisha na mzabibu, Baba yake anamwita kwa neno hilo hilo.

Mtakatifu Georgi mwenyewe, kwa mapokeo, alikuwa askari, akauawa kwa ajili ya imani karibu mwaka 303. Ile hadithi ya joka iliongezwa karne nyingi baadaye. Sikukuu yake ni tarehe 23 Aprili, wakati wengi wetu huku tuko kwenye palizi. Na Papa Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, jina lake la ubatizo lilikuwa Jorge, ndilo Joji kwa Kihispania.

Lakini anayetugusa zaidi ni George Washington Carver wa Marekani. Alizaliwa mtumwa huko Missouri karibu mwaka 1864, akaitwa Joji wa Carver, kwa kuwa Carver ndiye aliyemmiliki. Akasoma kwa taabu hadi akawa mtaalamu wa kilimo, na mwaka 1896 akaenda kufundisha Tuskegee, Alabama. Huko wakulima walikuwa wamepanda pamba mwaka nenda mwaka rudi, hata udongo ukachoka. Carver akawaambia wabadilishe mazao: baada ya pamba, panda karanga au kunde, maana mizizi yake hurudishia udongo naitrojeni. Na kwa vile wengi hawakuweza kufika chuoni, mwaka 1906 chuo kilianza kuwafuata mashambani kwa gari la kukokotwa na wanyama, limebeba vifaa vya mafunzo. Mwaka 1916 akatoa kijitabu chenye njia 105 za kuandaa karanga kwa chakula.

Sasa tuulizane. Tukitembelea vikundi tunasikia mzazi akimwambia mtoto, "Usiposoma utashika jembe," kana kwamba jembe ni kiboko. Na huyo mtoto ati anaitwa Joji! Wengi waliolelewa kwa maneno hayo sasa ni watu wazima, na mikutanoni hatuwaoni.

Maswali ya kujadili kikundini:

Wanachama wenu walio chini ya miaka 30 ni wangapi?

Kati yao, ni nani amepewa kipande cha kulima na kuuza mwenyewe, na ni nani bado anangoja baba afe?